Sekunde Ishirini na Nne za Lebona

Cherehani namba saba ilikuwa bado inanguruma.

Puseletso aliisikia kutoka kantini, kupitia mlango wa chuma ambao mafundi walikuwa wameuacha wazi, akajifanya hajasikia. Alikaza macho kwenye daftari, akabonyeza kikokotoo kwa mara ya nne, na kwa mara ya nne jibu likatoka lile lile. Asilimia sabini na mbili. Kwenye karatasi ya majibu ya Khethang iliandikwa themanini, tena kwa wino mwekundu, kana kwamba inamsuta.

"Karatasi yako imekosea," alisema.

"Haijakosea, Ausi," alisema Khethang, ambaye kila mshonaji wa kike alimwita Ausi, dada.

"Basi kikokotoo kibovu."

"Kizima kabisa," alisema Khethang, akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Jana tu kimejumlisha suruali elfu tatu na hakikulalamika."

"Mbovu ni mimi, basi. Sema tu, usinionee haya."

"Mimi niseme hivyo? Mimi?"

Mwisho wa meza Limpho aliguna, mdomo umejaa andazi. Limpho alikuwa mshona mifuko ya suruali wa Laini ya Nne kiwandani, mnene, mcheshi, na mtu asiyejua kunyamaza hata kanisani. "Nyie gombaneni na kikokotoo, mimi kichwa kinaniuma. Mtihani Jumatatu, na mpaka leo sijui tija ni nini na ufanisi ni nini. Naona vyote ni mbinu za kutuchosha."

"Sikiliza, Ausi Limpho," alisema Khethang. "Ukila maandazi hayo, makoenya sita kwa dakika tatu, tija yako ni mawili kwa dakika."

"Na ufanisi?"

"Huo tunatazama mangapi yamefika tumboni na mangapi yamebaki kwenye blauzi."

Limpho alicheka mpaka akapaliwa. Puseletso naye kicheko kilimpanda, akakiwahi kwa kiganja mdomoni. Mwanamke aliyevaa nyeusi hachekei wanaume wakamsikia.

Na yeye alikuwa amevaa nyeusi mwezi wa sita sasa. Gauni jeusi, kilemba cheusi, na kitambaa cheusi kilichobanwa kwa pini begani. Miezi sita hajampa mwanamume mkono. Miezi sita jua halijazama hata mara moja akiwa nje ya nyumba ya mkwewe. Mama wa marehemu mumewe, M'e MaLebona, ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kumvua kitambaa kile, na ilishapangwa kuwa Jumamosi ijayo atachinja kondoo, atamwogesha, atamvua. Mara mbili alishaahirisha. Mara ya kwanza alisema kondoo amekonda. Mara ya pili alisema hajamwota mwanawe. Jirani mmoja akileta neno kwamba mjane ameonekana anacheka na mwanamume, basi hiyo ya tatu itaahirishwa mpaka kiama, na Puseletso aliyajua hayo kama anavyojua jina lake.

Tatizo ni kwamba hata jina lake hakuwa na uhakika nalo siku hizi.

Siku aliyoolewa, kama ilivyo desturi, wakwe walimpa jina jipya: MaTumelo, mama wa Tumelo, mtoto atakayezaliwa kwanza. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Puseletso. Basi Tumelo alikuja kweli, akakaa tumboni wiki kumi, na siku ya kumi na tano baada ya mazishi ya baba yake yeye naye akaondoka kabla ya kuzaliwa. Jina likabaki. Asubuhi hadi jioni aliitwa mama wa mtu ambaye hakumpakata, na aliitika, kwa sababu angefanyaje?

Khethang ndiye aliyelifufua lile jingine. Alilisoma kwenye fomu ya mtihani. Jumamosi iliyopita vidole vyao viligusana juu ya kikokotoo, akalitamka taratibu, "Puseletso," na moyo wa mwanamke wa watu ukaruka kama umeitwa kutoka ng'ambo ya bonde. Wiki nzima hakulala vizuri.

"Haya, mimi nawaacha," alisema Limpho, akikung'uta makombo. "Kina mama wa chama cha mazishi wananisubiri, na nikichelewa wananitoza. Wewe Ntate, bwana mpimaji, fundisha hesabu tu, umesikia? Usifundishe na vingine."

"Vingine vipi?"

"Wewe unavijua. Miaka yote nakuona unatutolea saa shingoni unatupima pumzi. Sasa naona kuna mtu akikutazama, pumzi zinazokupotea ni zako." Akamgeukia mwenzake, na sauti ikashuka. "Rafiki yangu, jua likigusa lile bomba la moshi, uwe njiani. Yule mama ana macho hata kisogoni."

Akajifunga blanketi, akatoka, upepo wa mwezi wa nane ukaingiza vumbi mlangoni. Wakabaki wawili, meza kati yao, na ule mngurumo wa ukumbini.

Khethang alikuwa mpima kazi. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya mshonaji na saa iliyoning'inia kwa uzi mwekundu, kuhesabu sekunde anazotumia kwa suruali moja, na kuziandika. Wafanyakazi walimwita Mwizi wa Pumzi, mbele yake na nyuma yake. Atakayefaulu mtihani wa Jumatatu angekuwa msimamizi wa Laini ya Nne, na Khethang alijitolea kuwafundisha Jumamosi mchana, watu watano mwanzoni, sasa wawili. Hakuna aliyejua kwa nini anajitolea. Limpho alidhani anajua.

"Tuanze tena," alisema Khethang. "Ufanisi wa laini unapatikanaje?"

"Jumla ya sekunde za wote. Mia nne thelathini na mbili."

"Ndiyo."

"Nagawanya kwa idadi ya watu mara sekunde za yule wa polepole kuliko wote. Sitini."

"Vizuri sana. Watu wangapi?"

"Kumi."

Khethang aliinama juu ya meza. Alitazama daftari, kisha akamtazama yeye, na yale macho hayakuwa ya mwalimu. "Kumi umewatoa wapi, Ausi?"

"Mbona unaniuliza? Laini yetu ina watu kumi."

"Nitajie."

Puseletso akakunjua vidole, amekasirika kidogo. "Ausi Mosa namba moja. Limpho namba mbili, mifuko. Mimi namba tatu, zipu. Wale mapacha, nne na tano. Ntate Sekake, sita. Saba..."

Kidole kikabaki hewani.

Ukumbini cherehani namba saba iliendelea kunguruma, chini ya blanketi la mwenyewe. Wafanyakazi walilifunika siku ile ile habari ya kifo cha mume wa Puseletso ilipofika, wakaapa hakuna atakayekaa pale mpaka mjane avuliwe nyeusi, na wakubwa wa kiwanda walikubali kwa shingo upande. Kazi ya ukanda wa kiuno waligawana Ntate Sekake na namba nane, kila mmoja nusu. Uzi ukikatika ovyo, watu walisema Lebona anadai nafasi yake. Hakuna aliyethubutu hata kuinama kuzima swichi.

"Tisa," alisema Puseletso. Sauti ilimtoka ndogo. "Tupo tisa. Loo! Nimemhesabu."

"Jaribu kwa tisa."

Akabonyeza. Mia nne thelathini na mbili kwa mia tano arobaini. Themanini kamili. Jibu sahihi lilimtia uchungu kuliko yale makosa manne.

"Usilie, tafadhali," alisema Khethang. "Hukukosea peke yako. Mimi kila asubuhi nikichora karatasi naandika mpaka kumi. Nikifika saba naacha mstari mtupu. Bosi aliniuliza, nikasema ni mazoea."

"Ulikuwa rafiki yake sana?"

"Alikuwa anaazima kiberiti changu kila siku na hakuwahi kukirudisha. Nafikiri huo ndio urafiki."

Safari hii Puseletso alicheka kidogo, machozi yakimtiririka, na hakuwahi kuziba mdomo. Khethang alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa, yale mashavu yaliyolowa, mkono wake mwenyewe ukasogea juu ya meza mpaka katikati, ukasita, ukarudi. Akainuka ghafla, akavuta faili lake, akachomoa karatasi bila kuitazama, kwa kuwa na yeye macho yalishalowa.

"Tuache hilo. Tufanye mkwamo. Laini nzima inakwenda kwa mwendo wa nani?"

"Wa yule wa polepole."

"Chukua hii, soma, nipigie hesabu kwa sauti. Oda ni suruali mia sita, kazi ni saa nane."

Puseletso alifuta macho kwa ncha ya kilemba. Hesabu zilimtuliza, ndivyo alivyokuwa. "Saa nane ni sekunde elfu ishirini na nane na mia nane. Gawanya kwa mia sita, arobaini na nane. Kila mtu lazima amalize ndani ya arobaini na nane, la sivyo oda haifiki."

"Safi."

"Aliyezidi ni namba saba. Sitini na mbili. Kwa hiyo laini itatoa... mia nne sitini na nne. Zinapungua mia moja thelathini na sita. Na sheria ni kwamba aliyekwamisha anabaki kuzimaliza. Mia moja thelathini na sita mara sitini na mbili..." Akabonyeza. "Ovataimu ya saa mbili na dakika ishirini."

Macho yake yakapanda juu ya karatasi. Khethang alikuwa dirishani, amempa mgongo, anapenga makamasi.

"Ntate Khethang."

"Naam."

"Hii karatasi ya lini?"

Alipogeuka, alimwona ameiinua kwenye mwanga, kidole kiko pembeni juu, kwenye tarehe. Khethang aliitambua. Kwa miezi sita alikuwa anatembea na karatasi ile ndani ya faili, nyuma kabisa, hathubutu kuichana wala kuisoma. Na leo ameitoa kwa mkono wake.

"Nipe hiyo. Hiyo siyo."

"Tarehe kumi na moja mwezi wa pili." Puseletso hakuitoa. "Siku aliyochukuliwa na mto. Na hapa saba kuna mtu. Saba ni Lebona."

"Ausi, naomba."

"Sitini na mbili? Lebona? Mume wangu alikuwa anashona ukanda huku anaimba, hakuwahi kufika arobaini hata akiwa na homa! Na hapa namba tatu... namba tatu mimi... thelathini na nane." Akamwangalia. "Siku ile nilitapika mara nne kabla ya saa nne asubuhi. Nilikuwa naona zipu mbili mbili. Mtu wa hivyo anashona zipu kwa sekunde thelathini na nane?"

Khethang aliinamisha kichwa.

"Nani aliandika?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Niliapa sitasema."

"Ulimwapia nani?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe ni mume wangu. Amekufa. Kiapo chake nimekirithi mimi. Sema!"

Khethang akaketi. Aliongea akitazama meza.

"Asubuhi nilikupima wewe. Ukapata sitini na mbili. Ulishakuwa na alama mbili za uzembe, ya tatu wangekutoa. Lebona aliniona naandika, akanifuata kwenye maji ya kunywa. Akaniambia, kaka, mke wangu ana mtoto wangu tumboni, hata mama hatujamwambia. Mpe sekunde zangu, mimi nipe zake. Jumla itabaki ile ile, nani atajua?" Akasogeza kikokotoo pembeni. "Na kweli jumla ilibaki ile ile. Nilicheka, Puseletso. Hilo ndilo linaloniua. Nilimwambia wewe mtu unadanganya kwa akili sana, nikacheka, nikafuta, nikaandika."

"Mafungu yangu ya suruali yalikuwa yanapungua," alisema Puseletso polepole. "Mchana. Nikadhani kazi imepungua."

"Alikuwa anayabeba kidogo kidogo anayaficha chini ya meza yake. Saa kumi msimamizi aliposoma karatasi, akasema Lebona abaki. Akabaki kushona zipu."

"Zipu zangu."

"Ndiyo."

"Mimi niliuvuka mto saa kumi na nusu. Maji yalikuwa yananifika hapa." Akainama, akagusa kifundo cha mguu. "Aliniambia nitangulie, kuna mzigo wa haraka. Nikaenda nyumbani nikanywa uji, nikalala. Nililala, Khethang! Mvua inapiga milimani, mto unajaa, yeye anashona zipu zangu, mimi nimejifunika nimelala. Saa mbili na dakika ishirini!"

Alijipiga kifua. Khethang alinyanyuka, akaizunguka meza, akasimama hatua moja kutoka kwake, na hiyo hatua moja hakuimaliza.

"Kwa nini hukuniambia? Jumamosi tano unakaa hapa unanifundisha, unanitazama, unaniita jina langu!"

"Jumamosi ya kwanza nilikuja kukuambia. Ukaniuliza ufanisi ni nini, ukafungua daftari, nikakosa pa kuanzia. Ya pili nikaogopa. Ya tatu nilishakuwa nakupenda, nikaogopa zaidi."

"Unathubutu kuniambia hilo leo?"

"Najua. Hakuna siku mbaya kuliko leo. Lakini nakupenda, na nilimwandika mume wako kwenye ile karatasi, na yote mawili ni kweli, sijui niyaweke wapi."

Puseletso alimtazama kwa chuki, akatafuta chuki ile ibaki, ikamponyoka. "Na mimi nakupenda, mshenzi wewe," alisema, akilia. "Hilo ndilo linalonikata maini. Nakupenda na nimevaa nguo yake."

"MaTumelo."

Sauti ilitoka mlangoni. Wote wawili walishtuka.

M'e MaLebona alikuwa amesimama pale, blanketi limebanwa kifuani, viatu vimejaa vumbi la njia nzima. Nyuma yake jua lilikuwa limekaa juu ya bomba la moshi. Mlinzi wa geti hamzuii mama wa marehemu.

"Nimekuja kukuchukua," alisema. "Nikasema mkaza mwanangu anasoma, atasahau saa. Kumbe hasomi."

"M'e..."

"Nyamaza. Na wewe, Ntate, mama yako hakukufundisha kitambaa hiki maana yake nini? Mwanangu hajamaliza hata mwaka ardhini!"

"M'e, kosa ni langu," alisema Khethang. "Yeye hana..."

"Sijakuuliza kosa la nani. MaTumelo, chukua daftari lako twende. Jumamosi tutaona kama kuna kuvuliwa au hakuna."

Hapo ndipo Puseletso angeweza kunyamaza. Angefunga daftari, angeinamisha kichwa, angefuata nyuma. Mama angenuna siku tatu. Majirani hawakuona kitu. Jumamosi au Jumamosi ya baadaye kondoo angechinjwa, nyeusi ingemtoka, na baada ya mwaka mwanamume angekuja kwa wazee, kwa heshima zote. Yote aliyoyataka yalikuwa mbele yake kwa bei ya kufunga mdomo tu. Khethang aliliona hilo machoni mwake, akatikisa kichwa kidogo, kumwomba anyamaze.

Puseletso akachukua ile karatasi.

"M'e, njoo ukae. Kuna kitu cha Lebona hapa."

Jina la mwanawe lilimlainisha mama yule hapo hapo, kama kawaida yake. Akaja, akakaa. Hakujua kusoma namba nyingi, kwa hiyo Puseletso alimshika kidole cha shahada, kimekauka, kina ufa wa baridi, akakiweka kwenye mstari wa saba. Akamweleza. Hakujipunguzia hata neno. Kutapika, alama mbili, mtoto, mafungu chini ya meza, uji, kulala. Akakisogeza kidole mpaka mstari wa tatu.

"Hizi sitini na mbili zilikuwa zangu. Hizi thelathini na nane zilikuwa zake. Alibadilisha. Alibaki kwa ajili yangu, M'e. Mimi ndiye niliyemkwamisha."

Mama hakulia. Alikitazama kidole chake kwenye karatasi.

"Tofauti yake ngapi?"

"Sekunde ishirini na nne."

"Huo ni muda gani?"

M'e MaLebona akamgeukia Khethang, akaelekeza kidevu kwenye ile saa ya shingoni.

"Wewe. Nipimie. Nataka kuusikia."

"M'e, tafadhali..."

"Nimesema nipimie."

Khethang akaishika saa. Akabonyeza, akakosea, akabonyeza tena. Ikaanza. Saa ilikuwa inagonga, na nje ya ile saa kulikuwa na kitu kimoja tu cha kusikika, mngurumo wa namba saba kutoka ukumbini, haupandi, haushuki, kama mtu anayeimba amefumba mdomo. Puseletso alianza kuhesabu moyoni akapotea njiani. Alitaka ziishe. Hazikuisha. Aliona mama amefumba macho, midomo inacheza.

"Tayari," alisema Khethang.

"Mrefu," alisema mama. "Nilidhani ni kitu kidogo. Kumbe ni mrefu hivyo."

Akainuka. "Kinachonguruma ni nini?"

"Cherehani yake, M'e."

"Nani anaiendesha?"

"Hakuna. Aliiacha imewashwa, na tangu siku ile hakuna aliyethubutu kuizima."

Mama akatembea kuingia ukumbini, kati ya safu za meza, kama aliyewahi kufika. Hakuuliza ni ipi. Alilijua blanketi, alilinunua yeye, siku mwanawe alipotoka jandoni. Alilivuta taratibu, akalikunja mara nne, akalibana kwapani. Chini yake kulikuwa na zipu moja imebaki kwenye mguu wa cherehani, imeshonwa nusu. Aliitazama. Kisha akainama, akapapasa chini ya meza mpaka akaipata swichi.

Kimya kilichoingia kilikuwa kikubwa mpaka masikio yaliuma.

"Pumzika, baba," alisema mama, sauti ya kumsemesha mtoto anayelala.

Akarudi hadi alipo Puseletso, akamtazama begani. Bila maji, bila kondoo, bila wazee, akafungua pini, akatoa kile kitambaa cheusi, akakitia mfukoni.

"Jumamosi msije, wewe na wenzako," alisema. "Hakutakuwa na watu. Yote ya kukufanyia mwanangu alishayafanya, mimi sina cha kuongeza. Nguo zako nitazifunga leo, mtume yule rafiki yako mnene aje kuzichukua."

"M'e, usinifukuze. Nipige, nitukane, lakini usinifukuze."

"Sikufukuzi kwa chuki. Nakujua, ulikuwa mke mzuri, na leo ungeweza kunificha na hukunificha." Sauti ikamkatika kwa mara ya kwanza. "Lakini nikiwa nakutazama kila asubuhi nitakuwa nahesabu. Sitaweza. Nitakuwa nahesabu tu." Akakaza blanketi kwapani. "Fanya mtihani wako. Kaa vizuri, Puseletso."

Alimwita hivyo. Miaka mitatu hakuwahi. Puseletso alitaka kumkimbilia, akabaki kumtazama anavuka uwanja wa kiwanda peke yake, mdogo, blanketi la mwanawe kwapani, mpaka getini, mpaka vumbi likammeza.

Jua lilizama. Alikuwa nje ya nyumba na jua limezama, na hakukuwa tena na mtu wa kumgombeza.

Khethang alisimama mbali kidogo. Hakujua kama ana ruhusa ya kusogea. "Pu..." alianza.

"Usiniite hilo."

"Basi."

"Umesikia alivyoniita? Amelirudisha. Amenipokonya jina la mtoto wangu akanirudishia hilo, na ndilo nililokuwa nalitamani kwako." Alijifuta uso kwa viganja vyote viwili. "Kesho uniite. Keshokutwa, baada ya mtihani. Maisha yako yote uniite hivyo kama unataka. Lakini leo niite lile jingine. Mara moja tu, Tumelo asiondoke hivi hivi bila mtu kumtaja."

Khethang akaivua saa shingoni, akaiweka juu ya meza, juu ya ile karatasi. Akasimama wima kama mtu aliye mbele ya wakwe.

"MaTumelo," alimwita.

"Abee," akaitika.